Mwongozo kamili: kula oti bila tumbo kujaa gesi wala kufunga choo

Wasomaji wa Mombasa huniletea malalamiko mawili kuhusu oti, ile nafaka ya uji inayoandikwa "oats" kwenye pakiti, na malalamiko yenyewe yanapingana. Mmoja ataniambia: nilianza oti nipate choo laini, sasa tumbo limejaa, linanguruma hadi wenzangu kazini wanasikia. Mwingine ataniambia: nilikuwa naenda haja kubwa kila asubuhi bila taabu, tangu nianze oti nimefunga choo. Wote wawili huacha kabla wiki haijaisha, wakabaki wakiamini kwamba tumbo lao halipatani na oti.

Mara nyingi oti zenyewe hazina kosa. Ama kipimo cha kwanza kilikuwa kikubwa mno, ama maji yalikuwa machache, ama lawama ni ya kitu kingine kilichotiwa bakulini. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Wengi huanza na hatua ya tano, wakakumbuka maji siku ambayo choo kimeshakuwa kigumu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Oti za kubanwa, zile bapa zinazoonekana punje kwa punje, pakiti ya nusu kilo.
- Kijiko cha kulia na kikombe cha chai, vilevile kila siku, ili kipimo chako kisibadilike.
- Chupa ya maji ya lita moja.
- Kopo au chombo chenye kifuniko kinachobana.
- Daftari dogo, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Tui jepesi na maziwa mala. Hivi utavihitaji baadaye, si siku ya kwanza.

Kuhusu kuchagua oti, maneno machache. Oti za vipande, zile zilizokatwa bila kubanwa, ni nzuri sana lakini zinakula gesi ya jikoni kwa sababu huchukua karibu nusu saa kuiva. Oti za haraka, zile za unga unga zinazoiva kwa maji ya moto tu, zina nyuzinyuzi pia, ila wanga wake husagika upesi tumboni na sukari ya damu hupanda haraka zaidi. Nyingi huja zimeshatiwa sukari, kwa hivyo soma pakiti. Za kubanwa ziko katikati, na ndizo ninazowashauri watu waanze nazo.

Kuna pumba za oti, ambazo zina nyuzinyuzi nyingi kuliko punje nzima. Ziache kwa sasa. Na kuna poda inayouzwa kwa jina la nyuzinyuzi za oti: nyingi ya hiyo husagwa kutoka maganda ya nje, na haina ule ute tutakaouzungumzia hapa chini. Usiinunue ukidhani ni kitu kimoja.

Nunua pakiti ndogo. Oti zina mafuta mengi kuliko mchele au ngano, na hewa yetu ya Pwani ina unyevu na joto. Pakiti ikikaa wazi kabatini huanza kunuka mafuta ya zamani, kisha hupata vidudu. Zikinuka hivyo, zitupe. Ukinunua za kupimiwa Kongowea au Marikiti, zinuse kwanza na utazame chini ya gunia kama kuna utando au ungaunga wa vidudu.

## Nani aanze kwa daktari

Sehemu hii usiiruke.

Ikiwa una kisukari na unatumia insulini au tembe za kushusha sukari, zungumza na daktari wako kwanza. Oti hubadilisha kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na dozi yako huenda ikahitaji kuangaliwa upya.

Ikiwa umeambiwa upunguze maji kwa sababu ya figo au moyo, mpango huu wa maji haukufai jinsi ulivyo. Ikiwa umewahi kupasuliwa utumbo, au umeambiwa una sehemu iliyobana, nyuzinyuzi nyingi zinaweza kukwama hapo. Mgonjwa wa kitandani anayekunywa maji kidogo naye asipewe oti nyingi kwa nia ya kumlainishia choo.

Mwenye ugonjwa wa selia, yaani mwili unaodhurika na gluteni, ajue kwamba oti nyingi huchanganyika na ngano shambani na kiwandani, na wachache hudhurika hata na protini ya oti yenyewe.

Wanaotumia tembe za tezi ya shingo wazimeze tumbo likiwa tupu, wasubiri nusu saa hadi saa moja ndipo wale. Tembe za madini ya chuma nazo zisiende pamoja na bakuli la oti.

Na kuna dalili ambazo dawa yake si chakula: damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, au mwenendo wa choo uliobadilika kwa wiki kadhaa, hasa kwa mtu aliyepita miaka 50. Hizo zipeleke kliniki. Tumbo likivimba na kuuma sana, ukitapika, na hata hewa haitoki chini, nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

## Hatua ya 1: Andika hali yako ilivyo sasa

Kwa siku tatu usibadilishe kitu. Andika umeenda haja mara ngapi, choo kilikuwaje, na tumbo lilikuwaje jioni.

Kwa umbo la choo, hospitali hutumia kipimo cha Bristol kilichotoka Uingereza, chenye namba 1 hadi 7. Namba 1 ni vidonge vigumu vilivyotengana, mithili ya mavi ya mbuzi. Namba 3 ni choo kirefu chenye nyufa juu, namba 4 ni kirefu, laini, kisicho na nyufa. Namba 7 ni maji matupu. Tunatafuta 3 na 4.

Sababu ya kuandika ni kwamba baada ya wiki mbili hutakumbuka ulivyokuwa. Watu wengi wanaoniambia oti zimewafungisha choo walikuwa wakienda mara tatu kwa wiki tangu zamani. Ni vile tu sasa wanahesabu.

Utajua umefaulu: una mistari mitatu iliyoandikwa, hata kama ni kwa kifupi.

## Hatua ya 2: Tanguliza maji kwa siku tatu

Nyuzinyuzi za oti hufanya kazi kwa kushika maji. Zisipoyapata kwenye kikombe chako, choo hukauka, kwa sababu utumbo mpana wenyewe kazi yake mojawapo ni kufyonza maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Hapo ndipo mtu hufungishwa choo na chakula kilichokusudiwa kumlainishia.

Mombasa jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Nyumba nyingi hununua maji kwa mtungi kutoka kwa watu wa mikokoteni, na maji ya visima vingi yana chumvi, kwa hivyo mtu hunywa kidogo bila kukusudia. Wakati huohuo jasho halikauki, hasa kaskazi ikivuma kati ya Desemba na Machi. Kwa hiyo tenga maji ya kunywa mbali na ya kupikia na kuoshea. Jaza ile chupa ya lita moja asubuhi, uimalize kabla ya adhuhuri, uijaze tena uimalize kabla ya magharibi. Siku ya joto kali au ya kazi ya jua ongeza.

Chai huhesabiwa, madafu pia, supu pia. Ila mwenye kisukari asifanye madafu kuwa maji yake, na mwenye figo asiyaguse bila ruhusa.

Tahadhari: usinywe lita mbili kwa mpigo kufidia siku nzima. Yatapita kwenye mkojo tu.

Utajua umefaulu: mkojo wa mchana ni wa manjano hafifu. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, hujafika.

## Hatua ya 3: Uguse ute kwa vidole vyako

Hatua hii ni ya dakika ishirini na hufanywa mara moja tu, lakini ndiyo inayowafanya watu waelewe wanachokula.

Tia vijiko viwili vya oti kwenye glasi, mimina maji ya uvuguvugu hadi nusu, uache dakika ishirini. Koroga. Maji yatakuwa meupe na mazito kidogo. Chovya vidole viwili, uvisugue. Utahisi utelezi, kama ule wa bamia iliyokatwa. Suuza vidole kwa maji matupu na utaona utelezi hautoki mara moja, umeshika.

Huo utelezi ndio nyuzinyuzi ziyeyukazo za oti, zinazoitwa betaglukani. Vimeng'enya vya mwili wa binadamu haviwezi kuzivunja. Kwa hivyo ule ute unaouhisi kwenye vidole ndio utakaokuwa tumboni: utapunguza mwendo wa chakula kutoka tumboni kwenda utumbo mwembamba, na hii ndiyo sababu mtu aliyekula oti hushiba kwa muda mrefu na sukari yake huingia damuni polepole.

Kilichobaki chini ya glasi, yale maganda laini yasiyoyeyuka, ni nyuzinyuzi za aina ya pili. Hizo hazifanyi ute. Hukipa choo ujazo na kukisukuma. Oti zina aina zote mbili. Pumba za ngano zina nyingi za hizi zisizoyeyuka, na kwa kukipa choo ujazo zina nguvu kuliko oti. Nalisema wazi kwa sababu kuna anayetafuta hilo tu. Lakini nguvu hiyo huja na makali yake, na kwa tumbo linalokereka upesi mimi huona oti ni pole zaidi.

Utajua umefaulu: umeuhisi utelezi. Usipouhisi kabisa, angalia pakiti tena; huenda ulichonunua si oti za kubanwa.

## Hatua ya 4: Pika kwa maji peke yake

Kipimo kimoja cha oti kwa vipimo vitatu vya maji. Tia vyote viwili sufuriani vikiwa baridi, ukoroge, uwashe moto mdogo. Usitie oti kwenye maji yanayotokota: hushikana madonge, na ute hautoki vizuri.

Koroga taratibu kwa mwiko. Baada ya dakika tano hadi kumi utaona mapovu yanapasuka polepole, na ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia yake inabaki wazi kidogo kabla uji haujairudia. Hapo epua. Uji utaendelea kuwa mzito ukipoa, kwa hivyo uepue ukiwa mwepesi kuliko unavyoupenda.

Chumvi kidogo, iliki, mdalasini, au pilipili manga kama uji wa Ramadhani: vyote ruhusa. Maziwa, asali na matunda bado. Utaona sababu katika hatua ya 6.

Tahadhari: uji uliobaki usiuache mezani hadi kesho. Kwenye joto letu, vijidudu vilivyonusurika jikoni huzaana kwenye nafaka iliyopikwa na kuacha sumu ambayo kuchemsha tena hakuiondoi. Ukitapika au kuendesha, utazilaumu oti bure. Hali ni hiyohiyo kwa wanaoloweka oti usiku kucha: kama huna friji, usiloweke; pika asubuhi.

Utajua umefaulu: uji unamiminika kutoka kwenye upawa. Ukianguka donge zima, ongeza maji.

## Hatua ya 5: Panda ngazi ya vijiko

Hapa ndipo wengi huanguka, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Betaglukani zikishapita utumbo mwembamba bila kuvunjwa, hufika utumbo mpana zikiwa nzima. Huko wanaishi bakteria wengi mno, nao huzila. Wakizila hutoa asidi za mafuta fupi, asetati, propionati na butireti, na hutoa hewa: hidrojeni, dioksidi ya kaboni, na kwa baadhi ya watu methani. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Hii ni faida kubwa ambayo mtu haioni. Hewa ndiyo anayoisikia.

Mtu ambaye kwa miaka amekula mkate mweupe, wali na chapati ana bakteria waliozoea hayo. Ukimwagia bakuli zima la oti siku moja, hewa hutoka kwa kasi kuliko utumbo unavyoweza kuifyonza au kuitoa, na ukuta wake unanyooka kwa maumivu. Ukianza kidogo, jamii ya bakteria hubadilika kufuata chakula, katika siku na wiki chache, na bakuli lilelile lililokujaza wiki ya kwanza hulisikii wiki ya nne.

Kijiko cha kulia cha oti kavu, kilichosawazishwa, ni kama gramu 5. Panda hivi:

- Siku ya 1 hadi ya 4: vijiko 2 kwa siku.
- Siku ya 5 hadi ya 8: vijiko 4.
- Siku ya 9 hadi ya 14: vijiko 6.
- Wiki ya 3: vijiko 8, yaani karibu nusu kikombe, gramu 40.

Vijiko viwili havitakushibisha, na havikukusudiwa kukushibisha. Kunywa uji huo mwepesi kisha kula staftahi yako ya kawaida. Kama ni mahamri na mbaazi za nazi, endelea. Mbaazi zina nyuzinyuzi nyingi, gramu 6 hadi 7 katika gramu 100 zilizopikwa, na tumbo lililozizoea limeshapiga hatua. Lakini kama huli mbaazi wala maharagwe, usichague wiki hizi mbili kuyaanza. Jambo moja jipya kwa wakati mmoja.

Kila siku, si siku moja ndani ya tatu. Bakteria hufuata wanacholetewa kila mara. Ukiruka ruka, kila bakuli linakuwa la kwanza.

Kila ukila, kunywa glasi moja ya maji pamoja na chakula na nyingine baadaye kabla ya mlo wa mchana. Hizi zimo ndani ya zile lita mbili.

Usipande ngazi kama siku mbili zilizopita tumbo halikutulia. Gesi ya kawaida, tumbo kunguruma na hewa kutoka si sababu ya kushuka. Maumivu ya kukaza ni sababu. Shuka ngazi moja, kaa siku nne, ujaribu tena.

Utajua umefaulu: unakula vijiko 8, tumbo la jioni halikubani kiunoni, na daftari linaonyesha namba 3 au 4.

## Hatua ya 6: Rudisha vikolezo kimoja kimoja

Bibi mmoja wa Majengo aliniambia, "Mwanangu, oti zako zanipigia ngoma tumboni." Nikamuuliza, "Bibi, wazipikaje?" Akasema, "Kwa maziwa matupu mwanangu, na asali kidogo." Tukaondoa maziwa na asali, oti tukaziacha. Ngoma ikanyamaza.

Watu wazima wengi wa Afrika hupungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Sukari hiyo isipovunjwa hufika kwa bakteria walewale wa utumbo mpana na kutoa gesi ileile, tena humvutia mtu maji hadi akaharisha. Mtu anayetia maziwa kidogo tu kwenye chai huenda asijue kabisa kwamba ana hali hii. Siku anapopika oti kwa vikombe viwili vya maziwa ndiyo siku anapoijua, na oti ndizo zinazoshtakiwa.

Asali, embe bivu na tikiti maji nazo zina sukari ya matunda ambayo baadhi ya matumbo huifyonza kwa shida ikizidi. Kitu kimoja tumbo huenda likakistahimili. Embe, asali na maziwa katika bakuli moja ni habari nyingine.

Kwa hivyo, ukishatulia kwenye vijiko 8, jaribu hivi, kila kimoja siku tatu:

1. Tui jepesi la nazi. Halina sukari ya maziwa. Tia mwishoni, usilichemshe sana lisije likakatika. Tui zito lina mafuta mengi na humchelewesha mtu kupata njaa. Ni zuri, lakini si la kila siku.
2. Maziwa mala au mtindi. Bakteria wake wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa, hivyo wengi huvistahimili.
3. Maziwa mabichi yaliyochemshwa, kidogo kidogo.
4. Tunda moja. Papai na mapera nayapenda kuliko ndizi iliyoiva sana. Mapera yana nyuzinyuzi za kutosha, karibu gramu 5 katika gramu 100.
5. Asali au tende, mwisho kabisa.

Chai ya rangi iliyokolea iache saa moja hivi mbali na bakuli, hasa kwa wajawazito na wenye upungufu wa damu. Oti zina fiteti zinazoshika madini ya chuma, na chai nayo huyazuia. Vikija pamoja, mwili unapata kidogo. Kipande cha chungwa au ndimu iliyokamuliwa husaidia mwili kuyafyonza madini hayo.

Utajua umefaulu: unaweza kukitaja kwa jina kile kinachokujaza, au kusema kwa uhakika kwamba hakipo.

## Hatua ya 7: Lipe tumbo nafasi ya asubuhi

Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huamka na kusukuma. Hamu ya kwenda haja huja mara nyingi ndani ya nusu saa baada ya kula, asubuhi kuliko wakati mwingine wowote.

Sasa tazama asubuhi ya mtu wa Likoni anayewahi feri, au wa Bamburi anayewahi matatu ya kuingia mjini. Anameza uji amesimama, anatoka mbio. Hamu inamjia yuko foleni. Anaibana. Choo kilichobanwa hukaa, utumbo unaendelea kufyonza maji yake, na jioni kimekuwa namba 2. Oti hazina uwezo juu ya hilo.

Kula dakika thelathini mapema kuliko sasa, na ukae chooni kwa utulivu hata kama hamu ni ndogo. Choo cha kuchuchumaa husaidia kunyoosha njia. Kama ni cha kukaa, weka kibao kidogo chini ya miguu ili magoti yapande. Kama asubuhi yako haikubali kwa vyovyote, hamishia oti kwenye chakula cha jioni.

## Hatua ya 8: Kwa wanaolenga sukari na kolesteroli

Wengine hamkuja hapa kwa sababu ya choo. Kiasi kinachotajwa na mamlaka za chakula za Marekani na za Ulaya kwa ajili ya kolesteroli ni gramu 3 za betaglukani kwa siku. Marekani iliruhusu kauli hiyo kwenye pakiti mwaka 1997. Nusu kikombe chako cha gramu 40 kina karibu gramu 1.6. Kwa hivyo unahitaji kama gramu 75 za oti, vijiko 15, au nusu kikombe cha oti pamoja na vijiko kadhaa vya pumba za oti.

Usizile kwa mkupuo. Nusu asubuhi, nusu jioni. Jioni si lazima iwe uji: shurba ya nyama inayopikwa kwa oti badala ya ngano ni chakula tunachokijua, na ute ni uleule.

Ute ukiwa kwenye utumbo mwembamba hunasa asidi za nyongo. Kwa kawaida mwili huzirudisha asidi hizo kwenye ini zikatumika tena. Zikinaswa hutoka na choo, na ini hulazimika kuchukua kolesteroli kutoka kwenye damu kutengeneza nyingine. Upungufu wa kolesteroli mbaya kwa kawaida ni wa kiasi, kama asilimia 5 hivi, na huonekana baada ya wiki nne au zaidi. Inafaa kuutafuta, lakini haukuruhusu kuacha dawa uliyoandikiwa.

Kwa sukari, jambo moja naliona mara kwa mara: bakuli la oti likifuatwa na mahamri manne na chai ya sukari. Ute hupunguza kasi ya wanga uliomo mle bakulini na kidogo wa pembeni yake. Mahamri manne hauyafuti. Badala ya kuongeza oti juu ya staftahi, katika hatua hii ziweke mahali pa sehemu ya staftahi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Gramu 40 za oti zina kama gramu 4. Zilizobaki zitoke kwenye kunde, mbaazi, mchicha, viazi vitamu na matunda.

Utajua umefaulu: kwa kipimo cha damu, si kwa kuhisi mwili mwepesi. Pima kabla hujaanza hatua hii na upime tena baada ya wiki sita hadi nane.

## Mambo yakikataa

Choo kimekuwa kigumu: usiongeze oti. Rudi vijiko 4, kagua maji kwa uaminifu, tembea jioni. Wiki moja bila mabadiliko, muone mhudumu wa afya.

Choo kimekuwa laini mno: angalia maziwa na matunda kwanza, kisha usafi wa maji ya kunywa. Oti kwa kawaida hazimwendeshi mtu kwa siku nyingi.

Kiungulia: bakuli ni kubwa mno au umekula karibu na kulala. Ligawe.

Gesi imebaki ileile baada ya wiki nne, na maziwa umeshayaondoa: kaa kwenye vijiko 4. Si lazima kila mtu afike 8.

## Ukifika Ramadhani

Usianze oti ndani ya Ramadhani. Saa za kunywa maji ni chache, na tumbo limeshabadilishiwa ratiba. Anza Shaabani, ili uingie mwezi ukiwa umeshazoea.

Aliyezoea azile daku, kwa sababu ute huchelewesha njaa ya asubuhi. Maji yagawe kuanzia futari hadi daku, glasi moja kila baada ya muda. Ukila oti daku kwa glasi moja tu ya maji uliyoigugumia karibu na adhana, choo cha siku ya pili kitakuwa kigumu. Kama futari yako ina shurba ya oti, punguza za daku ziwe vijiko 4, kwa kuwa jumla ya siku ndiyo inayohesabiwa.

Baada ya Idi rudisha bakuli asubuhi kwa kipimo chako cha zamani. Vijiko viwili vya mwanzo hutavihitaji tena, isipokuwa kama uliacha oti kabisa kwa zaidi ya wiki mbili.